Mliniambia niuze pikapu kwa sababu ya tairi kubwa na spidi ya sabini. Sikuuza, na tatizo nimeligundua lilipokuwa

Wakuu, salaam aleikum, na wenye salamu nyingine kila mtu achukue yake.

Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe, kwenye gari ninaloliendesha kila siku. Sijatia chumvi. Anayebisha aje Likoni, nitampandisha mbele nimzungushe bypass ajionee.

Wenye kumbukumbu mnajua niliwahi kuuliza humu kwa nini pikapu yangu haipiti sabini. Majibu nilipata mengi. Mmoja akasema niifanye banda. Mwingine akasema nitoe injini nifunge punda wawili, nitafika mapema. Nilicheka kweli, maana ilichekesha.

Lakini wengi wenu neno lenu lilikuwa moja tu: uza.

Basi kaeni vizuri.

Niwajulishe gari kwanza, kwa wasioujua uzi ule. Ni pikapu ya dizeli ya zamani, injini 2.8, haina turbo, gia tano za mkono. Umri wake na wangu hauachani sana, na mimi nina ishirini na nne. Logbook ina jina la Mjomba Rama, ndugu yake mama. Aliliendesha miaka mingi, magoti yakaanza kumtesa, akanikabidhi. Sharti lilikuwa nilitunze, na siku likianza kutusumbua kuliko linavyotusaidia, yeye ataliuza na mimi nisinune.

Kazi yangu ni kubeba kuku.

Asubuhi navuka ferry na kreti tupu, napita Kisauni mpaka Mwakirunge kwa mfugaji mmoja, Mama Kadzo. Napakia kuku wa nyama. Narudi nao kupitia Changamwe, nashusha wa Chaani, halafu nashika bypass ya Dongo Kundu, barabara ya kuzunguka bila ferry, niwafikishe waliobaki Likoni na Ukunda. Kurudi na kuku kwa ferry sithubutu. Foleni ya jua la saa sita, kuku mia moja na hamsini nyuma, utashusha mizoga.

Hapa niseme kitu mtakachonicheka. Kuku akinifia njiani mimi naumia. Najua anakwenda kuchinjwa, najua. Lakini afe kwa kisu na bismillahi, asife kwa kiu mgongoni mwa gari langu. Kwa hiyo natembea na madumu mawili ya maji, na kila safari nasimama pembeni kuwanyunyizia. Madereva wengine huniita nesi. Sawa, mimi ni nesi.

Sasa tairi.

Shule niliishia darasa la nane, lakini ndoto hazikuniuliza cheti. Ndoto yangu ni siku moja pikapu hii ipandishe watu milima ya Shimba, hema juu, jiko nyuma, wageni wakae nyasini wanywe chai ya tangawizi wakimtazama tembo kwa mbali. Gari la kazi hiyo haliwi na tairi za mkokoteni. Nikabana matumizi, nikapata tairi nne za inchi 33, zimetumika lakini meno bado yapo. Zilizotoka kiwandani zilikuwa kama inchi 29 hivi.

Wakuu, gari likasimama kama askari wa gwaride. Siku ile nilikula chakula cha mchana nimekaa ng'ambo ya barabara, nalitazama tu.

Mjomba Rama alipoliona alilizunguka mara mbili, mkono kiunoni.

"Swaleh, gari umelivisha viatu vya baba yake," akasema.

Nikamwambia atazoea.

Zamani likiwa na mzigo lilikuwa linakwenda mia na kumi bila ubishi. Baada ya tairi likashuka mpaka themanini na tano. Nikasema sawa, viatu vya baba ni vizito. Lakini wiki chache baadaye likawa halivuki sabini, siku nyingine sitini na tano. Kwenye bypass lori la kontena linanipita, na dereva wake ananitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Nikaenda Chaani kwa fundi wangu, Otieno. Otieno ni mtu wa bara, ana mikono mizuri, ila hupenda kukata hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Aliliwasha, akalikanyaga mara tatu, akazima.

"Bro, hii injini imeenda. Compression hakuna. Hapa ni kufungua."

"Umepima?"

"Hizi maskio zangu ndio kipimo. Miaka kumi na nane."

Nikamwambia, Otieno, gari hili asubuhi linawaka mara moja bila kukohoa. Halitoi moshi mweusi wala mweupe. Oili naangalia kila Ijumaa na haipungui. Injini iliyokwisha iko hivyo?

"Basi ni hizo tairi za tractor. Ama unataka kulima bypass?"

Watu wa gereji wote wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, lakini ufunguo nikauchukua. Nikamwambia injini hii haifunguliwi na mtu kwa kusikia tu. Abadan.

Tatizo ni kwamba maneno ya Otieno yalimfikia Mjomba kabla sijafika nyumbani. Na Mjomba akisikia "kufungua injini" kwake ni sawa na kusikia "andaa sanda". Ijumaa ile baada ya swala akaniita.

"Kuna mtu wa Changamwe ataka ile injini. Ana mashine ya kusaga kokoto kule machimbo ya Mwakirunge. Injini ataifunga kwenye mashine, bodi ataiuza chuma chakavu. Alhamisi yuwaja."

"Mjomba, gari ni zima."

"Zima, na lori la kontena lakupita?"

"Nipe mpaka hiyo Alhamisi."

Akanitazama kidogo. "Mpaka Alhamisi ni yako. Alhamisi ni yangu."

Wakuu, sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho naiona injini yangu imefungwa kwa bolti kwenye zege, inakoroma vumbi la mawe mchana kutwa, haiendi popote. Injini iliyozoea kusafiri. Mtaona nimezidi, lakini ndivyo nilivyo.

Nikaanza kutafuta mwenyewe. Sikuwa na mashine, nilikuwa na spana, simu na ukaidi.

Kwanza nikabadilisha filta ya dizeli na kupuliza air cleaner. Uchafu ulikuwepo wa kawaida. Spidi ile ile.

Halafu nikamwita dadangu Mwanasha akae kwenye usukani akanyage mafuta mpaka chini, mimi nimeinama kwenye boneti natazama mkono wa pampu ya dizeli kama unafika mwisho. Wako watu wanabadilisha injini kumbe kebo ya mafuta imelegea. Wangu ulifika mwisho.

"Nikanyage mpaka lini?" Mwanasha akauliza. "Nina nazi jikoni."

Nikamwachia aende.

Siku ya tatu nikaweka simu kwenye dashibodi, ile app ya kupima spidi kwa satelaiti. Mshale wa gari ukasema sabini, simu ikasema themanini. Nikarudia, yale yale. Ikabidi nifikirie polepole, na baadaye nikaona ni jambo rahisi: mshale unahesabu mizunguko ya gurudumu, haujui gurudumu limekua. Tairi kubwa kila mzunguko inakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo mshale wangu ulikuwa mwongo wa kama kilomita kumi, na uongo wenyewe ulikuwa wa kunidhulumu.

Nikakimbia kumpa Mjomba habari njema. Kumbe si sabini, ni themanini.

"Themanini, na malori yakupita?" akasema. "Hayo yaenda ngapi, mia mbili?"

Nikachukua ufunguo tena.

Nikarudi bypass. Nikagundua kitu cha pili, kwamba gia ya tano haivuti kabisa. Nikiwa ya nne gari linakwenda kasi kuliko nikiwa ya tano. Hii pia ni tairi. Gurudumu likiwa kubwa ni kama umeliongezea gari gia ndefu ambayo haikuumbiwa, na injini isiyo na turbo haina pumzi ya kuivuta. Wale mliosema tairi ndiyo sababu, hapa nawapa haki yenu. Nusu.

Nusu, kwa sababu hamkunijibu swali langu moja, na hata Otieno hakulijibu. Mbona siku nyingine gari hili hili, mzigo ule ule, barabara ile ile, linafika tisini na tano kwenye simu, na siku nyingine linakwama themanini au chini? Tairi hazivimbi Jumanne zikanywea Jumatano. Injini iliyokufa haifufuki kwa zamu.

Na jambo jingine la kunitia wazimu. Wiki za nyuma, kabla hajaihukumu injini, kila nikililaza kwa Otieno alitazame, asubuhi akilijaribu linakwenda vizuri. Ananiambia, "Umeona? Shida ni dereva." Mara injini imekufa, mara shida ni mimi. Chagua moja, ndugu yangu.

Sasa sikizeni Jumanne.

Nimetoka Mwakirunge na kuku, nimeshusha wa Chaani, niko bypass. Jua kali. Mshale umekwama sitini na nane, na kuna harufu fulani ya kuungua ambayo nilikuwa nimeizoea kwa siku nyingi nikidhani ni mavi ya kuku yakikaangika juani. Nikasimama pembeni kuwanyunyizia. Nikapanda nyuma, nikamwaga dumu la kwanza upande wa kushoto. Maji yakapita kwenye kreti, yakachuruzika chini, yakaangukia rimu ya nyuma.

Chwaaa.

Moshi mweupe ukapanda, kama mtu aliyetia kitunguu kwenye mafuta ya moto.

Nikabaki nimeshika dumu. Nikashuka, nikaenda tairi ya mbele, nikaigusa rimu: vuguvugu. Ya mbele upande wa pili, vuguvugu. Ya nyuma kulia, moto kidogo, inashikika. Ya nyuma kushoto sikuweza hata kusogeza kiganja.

Nikatia jiwe tairi za mbele, nikapiga jeki nyuma. Gurudumu la kushoto nililizungusha kwa mikono miwili likazunguka kwa tabu, likikwaruza ndani. Na handbrake iko chini. Nikalala chali chini ya gari na shati langu la kazi, nikaifuata kebo ya handbrake kwa macho mpaka kwenye dramu ya breki. Imejaa kutu, imevimba kwenye ala yake. Ule mkono mdogo unaovutwa na kebo ulikuwa bado umevutika. Nikaugonga kwa spana mara moja.

Tak. Ukarudi. Nikazungusha gurudumu, likajizungukia lenyewe.

Nikakaa kwenye changarawe, nikacheka peke yangu. Kuku wakinitazama.

Niliposhika tena barabara, gia ya nne, simu ilisoma tisini na sita. Na mzigo.

Mpaka nafika Ukunda nikawa nimeshaelewa yote.

Mnaovuka Likoni mnajua amri ya ferry: zima injini, vuta handbrake. Na sisi watu wa huku hatuivuti kwa adabu. Tunaivuta mpaka ilie, kwa sababu kila mmoja wetu hofu ya yale maji anayo moyoni. Mjomba alinifundisha hivyo siku ya kwanza kushika usukani. Sasa nilipoweka tairi kubwa, nikaona gari likiwa kwenye ferry linacheza kidogo. Gurudumu kubwa huishinda nguvu breki, ndivyo lilivyo. Mimi nikafanya nini? Nikawa naivuta zaidi, kwa mikono miwili.

Na kebo yenyewe imeoga maji ya chumvi ya pale kwenye mteremko wa kupandia miaka yote hiyo. Ukiivuta inakwenda. Ukiiachilia hairudi yote. Unashuka upande wa pili na breki imebaki imeshika, unazunguka mjini kwenye foleni huhisi kitu, unakuja kuhisi bypass.

Siku nilizokwenda na kurudi kwa bypass, handbrake siigusi, nikiegesha naacha kwenye gia. Hizo ndizo siku za tisini na tano.

Na kwa Otieno je? Nendeni gereji yoyote mkatazame. Mafundi hawavuti handbrake. Wanatupa jiwe chini ya tairi, basi. Gari langu likilala pale, wameliinua, wameligonga huku na huku, breki imeachia, na usiku kucha jiwe ndilo lililolishika. Asubuhi linakwenda kama upepo. Lile jiwe ndilo lililonificha ukweli wiki zote zile.

Ningeweza kubadilisha kebo Jumatano. Sikubadilisha. Niliiacha na ugonjwa wake, makusudi.

Alhamisi yule mnunuzi akaja. Mtu mpole, kofia ya kiua, mikono imejaa vumbi la mawe. Akafungua boneti, akasikiliza, akaridhika. Nikamwamkia Mjomba shikamoo ya pili siku hiyo, nikamwomba kitu kimoja: kabla hamjapeana mikono, twendeni nikawazungushe. Tuvuke ferry, tupite Changamwe, turudi kwa bypass.

"Ya nini?" Mjomba akauliza.

"Ulisema Alhamisi ni yako. Nakuazima nusu yake."

Tukapanda watatu. Mjomba katikati. Kwenye ferry nikazima injini, nikavuta handbrake.

"Vuta," Mjomba akasema.

"Nimevuta."

"Hujavuta. Sogea." Akaishika mwenyewe akaivuta mpaka ikalia. "Hapo."

Nikageuka kutazama maji.

Kufika bypass, mshale sitini na saba, mguu wangu uko chini kabisa. Lori likatupita. Mnunuzi akasema kwa upole kwamba si kitu, mashine ya kokoto haihitaji mbio. Mjomba akatazama nje ya dirisha. Niliona yuwaona haya, na roho iliniuma kumfanyia vile.

Nikasimama pembeni. Nikatoa dumu nyuma, nikampa Mjomba.

"Mwagia ile rimu ya nyuma, upande wa kushoto."

"Mimi?"

"Wewe, Mjomba."

Akamwaga. Ikalia chwaa, moshi ukampanda usoni. Akarudi nyuma hatua moja, akatazama gurudumu, akatazama mkono wake wa kulia, ule uliovuta handbrake. Mimi nikaingia uvunguni na spana, nikagonga mara moja, nikatoka.

"Pandeni."

Barabara ilikuwa tupu. Gia ya tatu, gia ya nne. Simu nimeiweka mbele ya Mjomba aisome mwenyewe. Themanini na tano. Tisini. Tisini na nne. Mnunuzi akashika dashibodi. Tisini na nane.

"Punguza," Mjomba akasema.

"Sijamaliza."

"Punguza, mwanangu. Nshaona."

Nikapunguza. Tulipokaribia Likoni, Mjomba akamgeukia yule mtu.

"Ndugu yangu, niwie radhi, umekuja bure. Gari haliuzwi."

"Lakini mzee, tulikubaliana."

"Tulikubaliana juu ya gari bovu. Hili si lile."

Tulimshusha stendi, tukaagana vizuri, hakuwa na ubaya. Mjomba akabaki amekaa, ameshika dumu tupu magotini.

"Kebo utaitia mpya kesho."

"Kesho asubuhi, kabla ya ferry."

"Na tairi hizi utazitoa."

"Tairi sitoi, Mjomba."

Akaligeuza lile dumu mikononi. Nilidhani sasa nimeharibu kila kitu. Kisha akasema, "Basi nipeleke nyumbani, polepole, magoti yaniuma kwa huu urefu wa gari lako."

Gari lako. Alisema hivyo, wakuu. Sikumuuliza mara mbili.

Kebo nimetia mpya zote mbili, dramu nimefungua, brake shoes za kushoto zilikuwa zimeliwa nikabadilisha pande zote. Ferry bado naivuta handbrake, na wewe uivute, usije ukasema Swaleh kakukataza. Ila naweka na gia, na kebo naitia grisi kila mwezi, na nikishuka ng'ambo nikifika mahali pa kusimama naigusa rimu. Ni sekunde kumi.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akikuambia injini imekufa, muulize ameipimaje. Tairi zangu zilikuwa na makosa yao na nimeyakubali mbele yenu wote, lakini watu walizitazama tairi mpaka wakaacha kutazama kitu kingine. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Usikubali kufungua wala kuuza kabla hujagusa magurudumu yote manne kwa mkono wako. Darasa la nane linatosha kwa hilo.

Otieno nimemsimulia. Kacheka mpaka akakaa chini, halafu akaniuliza kama nimekuja kumringia. Nikamwambia ndiyo.

Sasa imebaki ile gia ya tano, imelala, na mimi sitaki ilale. Nimesikia mtu anaweza kubadilisha meno ya difu, yale ya ekseli ya nyuma, yakafaa tairi za 33. Aliyefanya kwenye dizeli isiyo na turbo aniambie alitumia meno mangapi na kama gari lilivuta mlimani. Na wenzangu wa Likoni, leo mkishuka ferry shikeni rimu za nyuma, mniandikie hapa mlichokuta. Anayetaka kurudia kuniambia niuze, karibu pia, nafasi ipo.